Mifugo Imekufa kwa Baridi, Joto au Mafuriko Marekani: Namna ya Kudai Fidia ya Serikali, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mfugaji aliyeko Marekani anayesoma Kiswahili: mwenye mbuzi wake nje ya Lewiston kule Maine, mwenye ng'ombe wachache wa nyama Kentucky, mwenye kuku wa mayai Idaho. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, USDA, ina idara iitwayo FSA yenye ofisi zaidi ya 2,000 katika kaunti, na idara hiyo huwalipa wafugaji waliopoteza mifugo au malisho kwa sababu ya hali ya hewa. Si mkopo, kwa hiyo hurudishi. Si bima, kwa hiyo hukulipia ada. Wengi wa wafugaji wadogo waliohamia nchi hiyo hawaombi kabisa, ama kwa sababu hawajawahi kusikia, ama kwa sababu wanadhani fedha hizo ni za wenye maelfu ya ng'ombe Texas. Sheria haina idadi ya chini ya mifugo.

Ila kuna jambo moja linaloamua karibu kila dai: analipiwa mnyama aliyekuwa kwenye karatasi kabla hajafa. Mnyama anayejulikana na mwenyewe tu ni vigumu kumtetea mbele ya kamati ya kaunti, ile ya FSA inayoamua madai. Ndiyo maana nusu ya kazi hii hufanywa wakati hali ya hewa ni nzuri na mifugo yote imesimama.

Jua kwanza unaomba mpango upi

Mipango ya kudumu ya mifugo ni mitatu, na kila mmoja huitwa kwa herufi zake. Ukienda ofisini ukasema tu "nataka msaada wa dharura", unaweza kupewa fomu isiyo yako.

LIP ni fidia ya mifugo iliyokufa kwa wingi kuliko kawaida kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, magonjwa fulani, au kushambuliwa na wanyama wanaolindwa na sheria ya shirikisho. Pia hulipa sehemu ya hasara kwa mnyama aliyejeruhiwa na tukio hilo ukalazimika kumuuza kwa bei ya kutupa.

LFP ni malipo ya malisho yaliyokauka kwa ukame, au malisho ya ardhi ya serikali ya shirikisho uliyozuiwa kuyatumia kwa sababu ya moto. Hapa mnyama hajafa. Kilichokufa ni majani.

ELAP hubeba yaliyobaki: gharama ya kusafirisha maji na chakula cha mifugo wakati wa ukame, hei iliyosombwa na mafuriko au kuungua kwa moto wa nyika, mizinga ya nyuki, samaki wa kufugwa.

Chunguza mpaka kati ya LIP na LFP, maana hapo ndipo watu huanguka. Ukame hauhesabiwi kuwa sababu ya kifo chini ya LIP, isipokuwa pale ulipoambatana na kimeta. Ng'ombe wako akikonda kwa kukosa majani hadi akafa, LIP haitamlipa. Ulichopaswa kuomba ni LFP, mapema, wakati majani yanakauka. Joto kali ni habari nyingine: wimbi la joto likiua kuku au ng'ombe ndani ya siku chache, hilo ni tukio la LIP. Mengine yanayokubalika ni mafuriko, kimbunga, tonado, radi, mvua ya mawe, moto wa nyika, dhoruba ya theluji na baridi kali isiyo ya kawaida. Dhoruba ya kawaida ya majira ya baridi inakubalika ikiwa imedumu siku 3 mfululizo, pamoja na upepo mkali, mvua ya barafu au theluji nyingi, na baridi kali mno.

Kwa wanyama wakali, swali ni kama mnyama huyo analindwa na sheria ya shirikisho au alirudishwa porini na serikali hiyo. Mbwa mwitu wa aina hiyo, ndiyo. Tumbusi weusi wanaodonoa ndama na vitoto vya mbuzi vikiwa vinazaliwa, ndiyo, kwa kuwa wanalindwa kama ndege wahamao. Koyote, hapana. Mbwa wa jirani, hapana. Hilo ni la polisi wa kaunti na bima ya jirani.

Mafua ya ndege hayaombwi LIP. Kuku wakianza kufa kwa wingi bila sababu, piga simu siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo wa jimbo. Fidia ya ugonjwa huo hutolewa na idara nyingine ya USDA, APHIS, na huhesabu ndege wanaoteketezwa kwa amri, si waliokwisha kufa wenyewe. Kila siku unayochelewa kutoa taarifa inapunguza ndege watakaolipiwa.

Nani anastahili

Uwe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu mwenye grini kadi. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi huruhusiwa kuomba grini kadi baada ya kukaa nchini mwaka 1, na hadi aipate, jina lake peke yake halitoshi kwa mipango hii. Kama mnafuga kwa ushirika au kampuni, kila mwanachama hupimwa kwa sifa zake, kwa hiyo orodha ya wanachama iwe sahihi na ya sasa.

Mifugo nayo iwe ya biashara: ya kuuzwa, au ya kutoa maziwa, mayai, sufu. Mbuzi wawili wa kuchinja sikukuu nyumbani hawamo, wala farasi wa kupanda kwa starehe. Mwenye mbuzi 25 anayeuza 15 kwa mwaka yumo, mradi mauzo yanaonekana. Kama huuza kwa watu wa jamii wanaokuja shambani na fedha taslimu, andika stakabadhi kwa kila mauzo, hata ya mbuzi mmoja: tarehe, jina la mnunuzi, mnyama, bei, sahihi mbili. Na mapato hayo yaingie kwenye fomu ya kodi ya shamba, Schedule F. Shamba lisiloonekana kwenye kodi ni vigumu kuliita biashara siku ya kudai.

Hatua ya 1: Fungua faili FSA kabla ya balaa

Tafuta ofisi ya kaunti yako kwenye farmers.gov, sehemu ya kutafuta vituo vya huduma, kisha piga simu upange miadi. Mwambie afisa kwamba hujawahi kusajiliwa na unataka namba ya shamba. Wakati huo huo uliza habari ya mkalimani wa Kiswahili. Usisubiri hadi ufike mezani. Ukija na mkalimani wako, awe mtu mzima anayejua tofauti ya mtamba na ng'ombe aliyezaa, maana malipo ya hao wawili hayafanani. Mtoto wa shule anajua Kiingereza, lakini asibebeshwe sahihi za baba yake.

Beba vitu hivi:

- Kitambulisho na grini kadi au uthibitisho wa uraia.
- Namba ya Social Security, au EIN kama ni kampuni.
- Hati ya ardhi au mkataba wa kukodi ulioandikwa na kusainiwa, unaotaja ekari na muda.
- Namba za akaunti ya benki, maana malipo huingizwa moja kwa moja.
- Hati za kampuni au ushirika, kama mnazo.

Ofisini utajaza AD-2047 ya taarifa zako, CCC-902 inayoeleza shamba linaendeshwa na nani na kwa fedha za nani, CCC-941 inayothibitisha kuwa wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka, na AD-1026 inayohusu kutoharibu ardhi oevu na miteremko inayomomonyoka. Kampuni na ushirika huongeza CCC-901. Kama una chini ya miaka 10 tangu uanze kilimo, omba pia CCC-860, fomu ya kujitambulisha kama mfugaji anayeanza. Karatasi hiyo moja huongeza kiwango cha malipo katika ELAP, na mara nyingi hakuna atakayekukumbusha kuiomba.

Tatizo linalochelewesha faili nyingi za watu wetu ni jina. Kwenye grini kadi umeandikwa majina matatu, kwenye kodi mawili, kwenye mkataba wa ardhi mwenye shamba ameandika anavyosikia. CCC-941 hulinganishwa na kumbukumbu za idara ya kodi, na jina lisipofanana faili hukaa. Saini kila fomu kwa jina lililo kwenye kodi yako, herufi kwa herufi, na mkataba wa kukodi urekebishwe ulingane nalo.

Tatizo la pili ni mkataba wa mdomo. Mzee mwenye shamba amekuruhusu kulisha kwenye ekari zake 12, mmeshikana mikono, basi. Kwa LIP unaweza kupita, kwa kuwa kinachodaiwa ni mnyama. Kwa LFP huwezi, kwa kuwa kinachodaiwa ni malisho, na lazima uonyeshe una haki nayo. Ukurasa mmoja unatosha.

Faili hili lina faida nyingine isiyoonekana mwanzoni. Bunge la Marekani hutenga fedha za ziada za dharura mara kwa mara, na FSA huzigawa kwa kufuata kumbukumbu zilizopo. Mpango wa dharura wa ELRP ulipoanza kulipa hasara za ukame wa 2021, waliokuwa na maombi ya LFP yaliyoidhinishwa walilipwa bila kuomba upya. Ikawa hivyo tena 2025 kwa ukame na moto wa 2023 na 2024, kwa fedha zilizotengwa na sheria ya Desemba 2024. Asiyekuwa na faili la LFP hakuwa na cha kufuatwa.

Hatua ya 2: Weka hesabu ya mifugo inayoweza kuthibitishwa

Nunua daftari gumu, si makaratasi huru. Tarehe 1 ya kila mwezi andika idadi kwa makundi: majike waliokomaa, mabeberu, wadogo, waliozaliwa mwezi huo, waliouzwa, waliokufa na sababu. FSA huyaita maandishi ya namna hii kumbukumbu za wakati huo huo, na yana uzito kwa sababu yaliandikwa kabla mtu hajajua atadai. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja, kwa mwandiko wa siku moja, afisa hulitambua.

Andika hata vifo vya kawaida. Mfugaji anayeonyesha kuwa Machi alipoteza kitoto kimoja kwa kuharisha na Mei jike mmoja wakati wa kuzaa, huaminika zaidi anapoandika kuwa Desemba dhoruba iliua 14.

Kwa mbuzi na kondoo kuna hereni za masikioni za mpango wa kutokomeza ugonjwa wa scrapie. Sheria ya shirikisho inazitaka kwa wengi wa mbuzi na kondoo wanaotoka shambani kwenda mnadani au kwa mnunuzi, na wanaoanza wamekuwa wakipewa za kwanza bure kwa kupiga 1-866-873-2824. Zivishe kundi zima, si wa kuuzwa tu. Namba ya hereni kwenye daftari, kwenye picha ya mzoga na kwenye fomu huunganisha vitu vitatu ambavyo vinginevyo kila kimoja kingesimama peke yake.

Hifadhi pia stakabadhi za mnada, hundi za ununuzi, risiti za chakula na chanjo, bili za daktari wa mifugo, karatasi za mkopo zilizotaja mifugo. Risiti za chakula hupuuzwa, lakini ndizo zinazojibu swali la kama kweli ulikuwa na kundi la ukubwa huo.

Hatua ya 3: Saa 48 za kwanza baada ya tukio

Usizike mzoga kabla ya kupiga picha. Piga kwa mpangilio huu: picha ya mbali inayoonyesha mzoga na mazingira, yaani theluji, maji, uzio ulioanguka au paa lililong'oka, picha ya mnyama mzima kutoka ubavuni, kwa kuwa ukubwa wake ndio utakaoamua kundi la malipo, kisha picha ya karibu ya sikio na namba ya hereni isomeke. Simu iwe na tarehe na mahali vimewashwa. Wanyama wakiwa wengi wamelundikana, watenganishe kwanza. Picha moja ya rundo haihesabiki.

Wakati unapiga picha, mtu mwingine aandike: hereni, jike au dume, umri, uzito wa kukadiria, ana mimba au la, alikutwa wapi, saa ngapi. La mimba lisisahaulike. Sheria ya Julai 2025 imeongeza malipo ya ziada kwa mimba iliyopotea pamoja na mama yake, na baada ya kuzika huwezi tena kuthibitisha.

Kisha pigia simu FSA, hata kama barabara imefungwa na utaacha ujumbe tu. Sema jina, namba ya shamba, tukio, tarehe, idadi ya waliokufa hadi sasa. Uliza kama wanataka kuja kuona kabla hujazika. Ukiwa na mizoga mingi, uliza pia idara jirani ya USDA ya uhifadhi wa ardhi, NRCS, kama kuna msaada wa gharama za kuiondoa. Msaada huo una masharti yake na huenda ukahitaji kibali kabla ya kuanza kazi. Uzio ulioharibika una mpango wake, ECP, unaolipa hadi asilimia 75 ya gharama, na kwa wanaoanza hadi 90. Ukitengeneza uzio kabla ya ukaguzi, unaweza kujinyima msaada huo. Zuia mifugo isitoroke kwa uzio wa muda, lakini nguzo za kudumu zisubiri.

Mwite jirani asiye ndugu wala mfanyakazi wako aje aone kwa macho yake. Kumbukumbu zako zikionekana pungufu, FSA hukubali uthibitisho wa mtu wa tatu, na mtu huyo asiwe wa familia wala wa shamba lako. Anayekuletea hei, dereva wa lori la mizoga, mzee wa shamba la pili, hao wanafaa. Aeleze alivyokuwa analijua kundi lako kabla ya tukio, na alichokiona baada yake. Asiseme asichokiona. Taarifa ya uongo kwenye karatasi hizi ni kosa la jinai la shirikisho, kwake na kwako.

Wanaokufa siku za baadaye kwa tukio lile lile, kwa mfano vitoto vilivyolowa vikapata nimonia, waandikwe kila mmoja na tarehe yake na uiongezee ofisi. Kwa wanyonyao waliokufa kwa hali ya hewa, sheria inasema wasikataliwe kwa hoja ya kutochanjwa. Ukiambiwa hivyo mezani, omba kwa heshima afisa aangalie kifungu cha wasioachishwa ziwa.

Hatua ya 4: Fomu CCC-852

Hii ndiyo fomu ya LIP. Ina sehemu ya taarifa ya hasara na sehemu ya kuomba malipo. Mwisho wa zote mbili ni tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata ule wa hasara. Usiikaribie tarehe hiyo. Taarifa iliyotolewa ndani ya wiki ya tukio husomwa tofauti na ile ya miezi minane baadaye, hata kama zote ziko ndani ya muda.

Idadi ya mifugo iliyokuwepo kabla ya tukio ni ya siku ile, kwa kila kundi, si ya mwaka jana wala ya "kwa kawaida nina kama hamsini". Makundi hufuata aina, jinsia, umri au uzito. Ng'ombe wadogo hupangwa kwa uzito, na kundi la chini kabisa ni la chini ya paundi 250. Kama ndama wako walikuwa na paundi 270 ukawaandika chini ya 250 kwa kukisia, umejipunja. Utepe wa kupimia kifua unauzwa kwa bei ndogo katika duka la mifugo, uwe nao.

Chini ya sababu ya kifo andika kwa maneno makavu: "baridi kali na upepo, usiku wa tarehe fulani hadi fulani, banda lilianguka". Ambatisha taarifa ya kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe. Kamati ya kaunti inapaswa kuridhika kwamba tukio lilitokea hapo ulipo, na tofauti kati ya bonde na mlima inaweza kuwa kubwa. Eleza pia ulichofanya kuwakinga: matandiko, maji yasiyoganda, mahali pa kujikinga upepo. Dai la mifugo iliyokomaa hukataliwa pale inapoonekana vifo vilitokana na matunzo mabaya na si hali ya hewa.

Hesabu ya malipo, ili usishtuke

Fidia ya hali ya hewa na magonjwa ni asilimia 75 ya wastani wa bei ya soko, na viwango huchapishwa kila mwaka kwa nchi nzima. Tangu sheria ya 2025, walioliwa na wanyama wanaolindwa hulipwa asilimia 100. Viwango vilivyochapishwa tayari vimekatwa, usivipunguze tena. Havijali kwamba beberu wako wa aina ya Boer ulimnunua kwa bei ya juu kuliko wastani.

Kabla ya kulipa, FSA hutoa vifo vya kawaida, yaani asilimia ambayo jimbo linaamini ingekufa hata bila tukio. Kila jimbo na kila kundi lina asilimia yake. Tuseme, kwa mfano tu, jimbo lako limeweka 5 kwa majike ya mbuzi waliokomaa na ulikuwa nao 60. Vifo vya kawaida ni 3. Wakifa 14, unalipiwa 11. Kiwango kikiwa dola 120, hupata dola 1,320. Wakifa 3, hupati kitu.

Hapo ndipo kuandika kundi dogo kuliko lilivyo, au kubwa kuliko lilivyo, kunapogeuka kukuumiza. Anayeongeza kundi akidhani atalipwa zaidi anaongeza vifo vya kawaida vinavyokatwa. Anayelipunguza anadai vifo visivyolingana na hereni na risiti zake. Idadi ya kweli ndiyo nafuu yako.

Waliojeruhiwa ukawauza wanahitaji stakabadhi ya mnunuzi asiye na uhusiano nawe, mnada hasa, na kile ulichopata hutolewa kwenye malipo.

Ukame: namna LFP inavyowaka

LFP haisubiri ueleze jinsi majani yalivyokauka. Hufuata ramani ya ukame ya Marekani inayotoka kila Alhamisi na kupanga ukame kutoka D0 (hafifu kabisa) hadi D4 (mkali kabisa). Kaunti yako ikifikia kiwango wakati wa msimu wa kawaida wa kulisha, malipo yanafunguka. D2 kwa wiki 4 mfululizo hutoa malipo ya mwezi 1, na ikiendelea angalau wiki 7 kati ya 8 hutoa ya miezi 2. Haya ni masharti mapya ya 2025. D3 wakati wowote ni miezi 3. D3 kwa wiki 4, au D4 wakati wowote, ni miezi 4. D4 kwa wiki 4 ni miezi 5.

Angalia ramani kila Alhamisi kuanzia majani yanapoanza kuota, na kaunti ikifika D2 nenda ofisini na fomu CCC-853. Usisubiri mwaka uishe.

Masharti yanayowaangusha watu ni matatu. La kwanza, ripoti ya ekari za malisho lazima iwe imewasilishwa. Tarehe yake hutofautiana kwa jimbo na aina ya majani, na ukichelewa mara nyingi kuna ada ya kukaguliwa. La pili, mifugo uwe umeimiliki au kuikodi ndani ya siku 60 kabla ukame huo haujaanza kuhesabiwa. Wanaonunua kundi katikati ya kiangazi hukosa. La tatu ni uwezo wa ardhi. Malipo ya mwezi ni asilimia 60 ya kilicho kidogo kati ya viwili: gharama ya kulisha mifugo yako yote, au mifugo ambayo ardhi yako ingeweza kulisha. Mbuzi 60 kwenye ekari 5 hulipwa kwa ekari 5. Kwa hiyo kila kipande unachokodi kiandikishwe, hata cha ekari 2 nyuma ya kanisa. Nguruwe na kuku hawamo katika LFP. Kikomo cha malipo ni dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka. LIP na ELAP hazina kikomo hicho.

Ukinunua hei mbali wakati huo huo, ELAP hulipa sehemu ya nauli ya ziada, lakini maili 25 za kwanza hazihesabiwi, wala zinazozidi 1,000. Kiwango ni asilimia 60, na 90 kwa mwenye ile CCC-860. Stakabadhi ionyeshe maili, idadi ya marobota na uzito wake. Iliyoandikwa "hei, dola 900" haisaidii.

Ukikataliwa, na ukilipwa

Hakuna anayepaswa kukutoza kujaza fomu hizi. Anayekuja msikitini au kanisani akidai asilimia ya fidia ili "akusukumie faili" anauza kinachotolewa bure.

Barua ya kukataliwa ina sababu na ina haki zako za rufaa. Unaweza kuomba kamati ya kaunti iangalie upya, kupanda kwa kamati ya jimbo, kuomba upatanishi, au kwenda kwenye kitengo huru cha rufaa cha USDA kiitwacho NAD. Muda ni siku 30 tangu upokee barua, kwa hiyo andika tarehe uliyoipokea juu ya bahasha na uitunze. Ukiomba upya, usirudie maelezo yale yale, leta kilichopungua. Kama sababu ni idadi haikuthibitika, leta risiti za chakula na uthibitisho wa jirani. Kama ni tukio halikuthibitika, leta taarifa ya hali ya hewa na picha zenye tarehe.

Ukilipwa, Januari inayofuata utapokea fomu 1099-G, na fedha hizo ni kipato cha shamba kwenye Schedule F. Mpe anayekuandalia kodi nakala hiyo pamoja na karatasi ya FSA inayoonyesha ni za mpango gani. Deni lolote unalodaiwa na serikali ya shirikisho linaweza kukatwa kabla fedha hazijaingia benki. Zikija pungufu, ofisi itakuonyesha zilikokwenda. Mabadiliko yoyote ya anwani, benki, mkataba wa ardhi au mwanachama wa ushirika yapeleke FSA mwezi huo huo, kabla ya msimu unaofuata wa dhoruba.